Sahani ya Mifupa

Sahani yangu ilikuwa ya bati, nyeupe, na ua la bluu katikati. Wifi yangu mkubwa, dada wa marehemu mume wangu, ndiye aliyenipa siku ya tatu ya msiba. Katika ukoo wao mjane hali kwenye chombo kimoja na watu, asiwaambukize mkosi, mpaka ukoo ukutane umtoe kilio, yaani umalize msiba wake. Niliipokea kwa mikono miwili. Nilimpenda mume wangu, na siku zile hata wangeniambia nile jivu ningekula.

Lakini kilio hakikutolewa. Kwanza walisema baada ya siku arobaini. Halafu baada ya mavuno ya mpunga. Halafu tumngoje shemeji yangu arudi kutoka machimbo ya Salamabila, na huko mtu akishaonja dhahabu harudi kwa kuitwa tu. Mwaka ukaisha, ukaanza mwingine. Nyumbani watoto wangu wanne walizunguka sinia moja, nami kwenye kigoda mlangoni na sahani yangu, kwa sababu mama mkwe anaishi mlango wa pili na macho yake bado mazuri. Siku moja kitinda mimba wangu akaniuliza kama bado nimewakasirikia. Hapo ndipo nilipokasirika kweli, ila si wao niliowakasirikia.

Ijumaa iliyofuata, nilipotoka kufundisha, niliingia kwa mama mmoja anayeuza pilau nyuma ya soko la Kasongo. Ni nyumba yao wenyewe. Mume anachinja mbuzi, mabinti wanachambua mchele, mama anapika. Wanaume wanakula barazani, wanawake ukumbini juu ya mkeka, wanne wanne kwenye sinia, umjue jirani yako usimjue. Nikavua viatu, nikakaa pembeni, nikatoa sahani mkobani.

"Mama mwalimu, hiyo sahani iko ya nini?" mwenye nyumba akauliza.

Nikamweleza. Alinisikiliza amesimama, upawa mkononi. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo. Nilidhani atasema kila mtu na mila zake.

"Siye pia tunakaaka eda," akasema. "Miezi ine na siku kumi, njo inaisha. Yako inaisha siku gani?"

Akaichukua sahani, akaiweka mkekani kando ya sinia. "Hii itakuwa ya mifupa. Sogea, weka mukono."

Palikuwa na wanawake watatu wachuuzi wa samaki kutoka Nyangwe. Nilipotia mkono kwenye pilau, mmoja wao alisimama, akajifunga kitenge chake vizuri, akaondoka bila kunawa. Nikataka kuinuka. Mwenye nyumba akakaa yeye mwenyewe pale palipoachwa wazi, akamega nyama, akaisukuma upande wangu kama mgeni anavyofanyiwa. Nilikula huku nalia, na sioni aibu kulisema. Nikala mpaka nikalamba vidole.

Nikarudi Ijumaa ya pili na ya tatu. Kila mara nilibeba sahani mkobani, kila mara ilijaa mifupa, kisha naiosha na kurudi nayo kwenye kigoda changu. Nikajiambia kwamba ukumbini kwa watu mimi ni mtu, na kwangu sivyo. Iliniuma zaidi kuliko mwanzo.

Ijumaa ya nne wifi yangu akaja. Habari zilikuwa zimemfikia kule Kabambare, akapanda pikipiki tangu alfajiri. Alisimama mlangoni pa ukumbi, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mujane ya kaka yangu anakulaka na watu ku soko?"

"Ndiyo, Yaya," nikasema, kama tunavyomwita dada mkubwa. Sikuinamisha macho, na mkono sikuutoa kwenye sinia. "Karibu."

Mabinti walikwisha kuleta birika na beseni. Wifi yangu akanitazama mimi, akatazama pilau. Barabara ile ya Kabambare inammaliza mtu, nami niliona anavyomeza mate. Akanawa. Kisha akauliza sahani yake iko wapi.

"Hapa hakuna sahani ya mutu moja," mwenye nyumba akamjibu. "Kama unaogopa, njia iko ileile."

Akakaa, mbali nami kadiri mkeka ulivyoruhusu. Nikamega kipande cha paja kwa mkono wangu, mkono wa mjane, nikakisukuma upande wake. Alikitazama muda mrefu. Mwishowe akakichukua, akala, akauguguna mfupa mpaka ukawa mweupe, halafu akaanza kutafuta pa kuuweka.

Nikamsogezea sahani. Ua la bluu lilikuwa bado linaonekana kati ya mifupa, naye akalitambua. Hakuniangalia. Akauweka mfupa wake juu ya ile mingine.

Sahani niliiacha palepale. Jioni nilifika nyumbani mkoba mwepesi, mama mkwe ameketi mlangoni kwake, nikawaambia watoto wangu waliozunguka sinia wasogee.