Riwaya Moja, Wasichana Sita

Juzi nilimwona mjukuu wangu akisoma riwaya peke yake, nikakumbuka Lushoto, sisi sita tumebanana juu ya nakala moja, masweta yakinuka ukungu na udongo wa shamba la shule. Mwalimu wa Kiingereza alitaka kila mmoja aseme: baba wa riwayani alikosea kumfukuza mwanawe? Asiyesema angekosa alama. Nilinyamaza. Nilidhani kumhukumu mzee, hata wa kitabuni, ni utovu wa adabu. Labda pia Kiingereza kilinishinda.

“Umemeza ulimi?” Mariamu, mmoja wa sisi sita, alininong'oneza. “Niambie kwa Kishambaa, mimi nitasema.”

Nikamwambia baba yule aliogopa kuachwa. Akalisema wazo hilo kwa Kiingereza vizuri kuliko mimi, na Mwalimu akamsifu.

“Si langu, Mwalimu,” alijibu, akanishika bega. “Ni la huyu.”