Paji la Uso la Dobi

Dobi wetu tulimbandika jina la Kola. Shati likishapita mikononi mwake, kola inasimama wima hata kama mwenye shati amelala. Asubuhi alifua kwenye mabeseni ya maji ya baridi, mchana akapiga pasi juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Watu waliingia, wakatupa furushi, wakaenda zao. Aliwajua wote kwa madoa yao, lakini yeye hakuna aliyemjua.

Ndiyo maana mwanamke aliyekuwa akileta mashuka ya nyumba ya wageni alipoketi siku moja akamuuliza, "Na wewe nani anakufulia?", Kola aliyeyuka. Walilala pamoja mara moja, bila kinga. Muda si mrefu mwanamke akahama, na simu yake ikawa haipokelewi.

Tangu hapo roho ya Kola haikutulia. Aliperuzi dalili za virusi vya Ukimwi kwenye simu: homa, koo kuuma, vipele, uchovu. Zote alijiona nazo. Vipele vilimtoka hadi kwenye viwiko. Kila asubuhi, katikati ya kufua, alijipangusa mkono kwenye aproni na kujishika paji la uso. Lilikuwa linawaka moto. Basi alikaa juu ya ndoo na kujililia, mtu mzima na ndevu zake.

Dada yake alipiga simu. "Kaka, mbona umepotea? Njoo Jumapili ule na sisi."

"Kazi zimenibana, dada."

"Kazi gani hizo? Au umeoa kwa siri?"

Akacheka kicheko kikavu. Ukweli ni kwamba aliogopa kunywea vikombe vya watoto wa dada yake. Upuuzi mtupu, maana ugonjwa huo hauambukizwi kwa kikombe, lakini nani angemwambia naye hakumwambia mtu? Upweke ulimuuma kuliko hilo koo.

Hatimaye alijikokota hadi zahanati. Alipoingia chumba cha kupimia, maneno yalimtoka yote kwa mkupuo: yule mwanamke, ile mara moja bila kinga, dalili zote.

"Nina homa, sista. Kila asubuhi naungua."

Nesi alimwekea kiganja kwenye paji la uso, kisha kipimajoto kwapani. Akakisoma.

"Huna homa, kaka. Nyumbani unajipimaje?"

"Kwa mkono."

"Kazi yako?"

"Dobi. Najishika nikiwa nafua."

Nesi alivitazama vidole vyake vilivyokunjamana kwa maji, akashindwa kujizuia kucheka. "Mkono unautoa kwenye maji ya baridi! Hata ukinishika mimi utaniona naungua. Na hivyo vipele, nadhani ni sabuni yako."

Kola naye akacheka kidogo, kwa aibu.

"Lakini nisikilize," nesi akasema, sasa hana mzaha. "Kukosa homa si jibu. Wengine wanaambukizwa wasione dalili yoyote. Jibu liko kwenye damu. Ungekuja ndani ya siku tatu, tungekupa dawa za kuzuia. Muda huo umepita."

Hilo lilimchoma. Siku tatu zile alikuwa akinyoosha mashuka na kumsubiri mwanamke arudi.

Akachomwa kidole, wakasubiri. Ukutani saa ilikuwa imesimama, na hakuna aliyejali.

"Leo hakuna maambukizi yanayoonekana," nesi akasema. "Bado ni mapema. Utarudi baada ya wiki sita tupime tena, na mpaka hapo, kama ni kulala na mtu, tumia kondomu."

"Kulala na nani, sista?" Kola akasema. Hakuinuka. Nje watu walikuwa wanakohoa kwenye foleni.

"Kuna jingine, kaka?"

Alitazama viganja vyake.

"Huo mkono," akasema. "Niwekee tena. Kidogo tu."

Nesi aliitazama foleni mlangoni. Kisha akauweka, na Kola akafumba macho.