Miguu Yangu Mgongoni mwa Bibi

Nilipokuwa mtoto kule Igamba, wazee wenye migongo mibovu walinisalimia kwa heshima ambayo watoto wengine hawakuipata. Nilizaliwa nikitanguliza miguu, na kwetu iliaminika kwamba mtoto wa namna hiyo akikanyaga mgongo unaouma, maumivu hutoka. Kazi hiyo sikuiomba. Nilizaliwa nayo, kama wengine wanavyozaliwa na mwanya.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Bibi mzaa mama, aliyenilea. Alikuwa amelima na kuchuma kahawa tangu usichana wake. Jioni, ukungu ukishuka kwenye mibuni, alilala kifudifudi mkekani barazani, nami nikavua ndala na kupanda, nikishikilia nguzo. Nilitembea polepole. Chini ya nyayo nilizisikia pingili zake moja moja, na joto lake, na pumzi yake ikinipandisha na kunishusha hadi nikasinzia nimesimama. Hata leo nikifumba macho narudi pale juu, na sitamani sana kushuka.

Mwaka mmoja, kahawa imechanua na shamba zima ni jeupe, harufu yake ikituingilia hadi vyumbani, maumivu yalimshuka Bibi mguu wa kushoto. Yalianza kama moto, kisha mguu ukafa ganzi, akawa anauburuta. Mjomba alikuja kutoka Tunduma kumpeleka hospitali, Bibi akakataa katakata. Alishasikia kwamba huko watu wa migongo hupasuliwa na kurudishwa wamebebwa. Isitoshe, alisema, daktari wake anaishi humu humu ndani. Mjomba alibembeleza mpaka akachoka, akatoka kukaa nje.

Jioni ile Bibi aliniita kama kawaida. Mgongo ulikuwa mgumu kama ubao, na nilipofika kiunoni mwili wake wote ulishtuka, bila sauti. Nikashuka.

"Bibi, miguu yangu imekataa," nikasema.

Akageuza uso kunitazama. "Imekataa nini, Atu?"

"Imekataa mgongo wako. Inasema uende na Mjomba."

Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Ninachojua ni kwamba niliogopa sana atalemaa. Sikumbuki kama nyayo zilisikia chochote. Bibi akaagiza aletewe kitenge chake cha kutokea.

Daktari alieleza kwamba kati ya pingili na pingili kuna diski, kitu laini kama mto mdogo wa kulalia, na kwamba umri huzikausha na kuzichakaza. Moja ya Bibi ilikuwa imechomoza na kubana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Hakupasuliwa. Alipewa dawa, akafundishwa mazoezi, akakatazwa kubeba ndoo, na kukanyagwa ndiyo marufuku kabisa. Aliambiwa pia arudi haraka mguu ukizidi kulegea. Haukuzidi. Ilichukua miezi, lakini uliamka, akawa anakwenda kanisani na fimbo yake, akiyalalamikia mazoezi njia nzima. Wazee wakaacha kunijia. Nililia peke yangu shambani, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuwa mtu muhimu.

Sasa nauza vitenge Tunduma, na diski zangu nazo zimeanza kuchakaa. Kabla ya kufungua duka nalala sakafuni na kufanya mazoezi niliyofundishwa na mtaalamu wa viungo, na kweli yananisaidia. Siamini tena kwamba miguu yangu ilikuwa na dawa.

Lakini nawaza juu ya Bibi. Mjomba, mwanawe wa kumzaa, alimwambia aende akakataa. Mimi mtoto nikamwambia yale yale, akaenda. Kwa miaka mingi nilidhani nilimdanganya akadanganyika. Siku hizi, kila nikiinuka sakafuni taratibu huku nimejishika kiuno, nadhani alijua kabisa kwamba miguu haisemi. Alikuwa anaumwa, alikuwa anaogopa, na alikuwa ameshakataa mbele ya watu. Alihitaji mtu wa kumfungulia mlango bila kumwaibisha, na mjukuu wake alikuwa amesimama pale pale, kavua ndala.