Habari za Njiani

Simu ilipolia asubuhi ile, mama alikuwa anaanika dagaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba yetu ya Igogo, Mwanza. Aliyepiga alikuwa binamu yangu, kutoka Dar es Salaam. Alisema mama mdogo, mdogo wa pekee wa mama, huenda asiione kesho, na anamwita dada yake.

Mama akaanza kufunga kanga zake kwa ajili ya basi la alfajiri. Nikamzuia. Mimi ni mtu wa haraka, na anayenichelewesha hunitambua. "Kwa ndege ni kilomita mia nane na kitu, saa moja na nusu tu," nikamwambia. "Basi litakula siku nzima, na siku nzima hatuna." Alikuwa hajawahi kupanda ndege. Akanitazama, akanawa mikono, akavaa viatu.

Ndege iliinuka juu ya ziwa. Mawe ya Mwanza yakawa kokoto, mitumbwi ikapotea, kisha yakaja mawingu na sikuona nchi tena. Injini iliunguruma kwa sauti ile ile moja mpaka nikahisi sisi tumesimama, na dunia ndiyo inayovutwa taratibu chini yetu kama mkeka. Mama alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo.

"Hapa ni wapi?" akauliza.

Sikujua. Baadaye kidogo akauliza tena, na bado sikujua. Chai yake haijapoa, tukatangaziwa kwamba tunashuka.

Ndani ya teksi mama alisema, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, "Mwanangu, hatujapita popote." Nikacheka. Moyoni nilikuwa najisifu kwamba tumewahi.

Mama mdogo alikuwa amelala chumbani kwa binamu, amekonda mpaka shuka lilionekana halina mtu. Akafumbua macho.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Habari za njiani?"

Kwetu mgeni haulizwi neno jingine kabla hajaeleza njia: mvua imenyesha wapi, mazao yakoje, mifugo ikoje. Mama akanigeukia. Niliogopa. Ile saa moja na nusu niliyojivunia haikuwa na kitu ndani yake cha kumpa mgonjwa.

Mama akaketi kitandani, akamshika mkono.

"Tuliondoka bado giza," akaanza. "Usagara wakapanda watu wengi. Shinyanga ng'ombe wamenenepa. Nzega mvua imenyesha. Igunga mpunga umesimama, ungeuona."

Mama mdogo akatabasamu. "Sekenke je?"

"Tumeipanda polepole, basi linalia. Singida ni upepo, na alizeti njia nzima."

Mama yangu hajui kudanganya hata bei ya nyanya, lakini alikuwa anauona kila mti. Nami nikaanza kuiona ile alizeti, njano mpaka mwisho wa macho, na chumba kikatulia.

Walipofika Manyoni mama mdogo hakujibu tena. Binamu akamgusa shingoni, akaanza kulia. Nikaweka mkono begani kwa mama, akautoa.

"Bado," akasema. "Niache nimfikishe."

Akaendelea. Dodoma wanauza zabibu barabarani. Gairo baridi. Morogoro milima imejifunika mawingu. Akapita Chalinze, akaingia mjini, mkono wa mdogo wake bado umo ndani ya wake. Basi liliposimama, ndipo akalia.