Kijiko cha Mahameni

Mungu anisamehe, juzi ndani ya basi la Edmonton nilitafsiri uongo. Mzee wa Kiingereza, mwenye mashine ya kutafutia vyuma ardhini, alituonyesha kijiko alichokichimbua kwenye mahame ya shamba. Mama wa Kikongomani ninayesali naye akakunja uso.

“Mwambie arudishe. Mwenyewe atakuja kukitafuta.”

Nikatafsiri. Mzee akacheka: “Alishakufa zamani!”

“Nani alimwambia? Hata mimi kwetu Uvira banasema nilikufa. Vijiko vya mama yangu nilivifukia nyuma ya nyumba, siku ya kukimbia vita.”

“Anasemaje?” mzee akauliza.

“Anakupongeza.”

Wakapeana mikono. Mama alidhani kitarudishwa. Mpaka leo sijui kijiko kile ni cha nani. Ila wewe uliyeko Uvira, ukichimba ukakuta vijiko, tafadhali vifukie tena.