Siku Baba Alipotembezwa Lisbon

Harufu ya samaki wadogo wakichomwa kwa chumvi, mafuta yakidondokea makaa, hainirudishi Malindi nilikozaliwa. Hunirudisha Lisbon, kwenye kilima cha mawe yanayoteleza, mkono mmoja nimeshika mkoba wa Shangazi na wa pili namvuta Baba. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na siku ile nilimvuta Baba tangu asubuhi.

Lazima niwaeleze kwamba kazi ya Baba ilikuwa kutembeza wageni. Kila siku alivaa shati jeupe lililonyooka kwa pasi, akaenda kwenye nguzo ya Mreno, ile nyeupe iliyo kwenye ncha ya mwamba mjini kwetu, akawasimulia Wazungu nani aliisimamisha na Sultani wetu alimpokeaje baharia yule wa Kireno. Maneno hayo niliyajua kwa moyo, hata pale alipokohoa. Basi dada yake, Shangazi Zuhura, aliyekuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja huko Lisbon, alipotuletea tiketi za ndege wakati wa likizo, mimi niliwaza tramu za manjano, yale magari ya reli yapitayo barabarani, na vikeki vya maziwa na mayai. Baba aliwaza mawe.

Shangazi alikuwa amepewa ruhusa ya siku moja tu kazini. Akatulipia nafasi katika kikundi cha watu kama kumi, kilichoongozwa na binti mmoja aitwaye Inesi, aliyeinua mwavuli mwekundu ili tusipotee. Hatukufika mbali. Kwenye kanisa la kwanza kabisa Baba alibaki nyuma, akiugonga ukuta kwa kidole, akiusugua, na wallahi sisemi uongo, akiunusa.

"Mwana, njoo uone! Msalaba wa nguzo yetu ni jiwe la namna hii hii. Lilitoka huku."

"Baba, watu wanatuacha."

"Watatungoja. Mtembezaji mzuri hungoja."

Hawakungoja. Tukakimbia kuutafuta ule mwavuli, Shangazi akihema na viatu vyake vya kutokea, tukaukuta, na kwenye ukuta wa pili Baba akasimama vilevile. Kwenye ukuta wa tatu tramu ya manjano ikaondoka na kikundi chetu chote, sisi tukabaki kituoni kama mizigo.

"Kaka, nakuomba kwa jina la Mungu," Shangazi alisema, "tembea kama watu wengine. Nimeomba siku hii miezi mitatu."

"Natembea, dada. Lakini natembea nikiona."

Tuliwakuta tena kando ya mto, mbele ya mnara mkubwa uliochongwa kama pua ya meli, mabaharia wa mawe wamepanga foleni wakitazama maji. Inesi alikuwa akieleza kwamba manahodha wa mji huu waliipata njia ya Bara Hindi wenyewe, kwa ushujaa na kwa kusoma nyota. Baba akainua mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, bibiye," alisema kwa Kiingereza chake cha kazini, kile laini. "Walipofika kwetu Malindi njia hawakuijua. Sultani wetu ndiye aliyewapa rubani wa kuwaongoza baharini."

Inesi alitabasamu, akasema hilo linavutia, akageukia upande wa pili. Baba akainua mkono tena. Kulikuwa na ubishi kuhusu rubani yule alikuwa nani, na Baba alitaka kuueleza wote, kwa utaratibu, tangu mwanzo. Jua lilikuwa la utosini. Bwana mmoja mwenye kamera kubwa akanung'unika, "Tumelipa kumsikiliza nani hapa?" Watu wakacheka.

Uso uliniwaka. Nikasema kwa Kiingereza, makusudi, ili wale watu wajue kwamba mimi sikuwa upande wake: "Baba, hakuna aliyekuuliza."

Baba alinitazama kidogo, kisha akaushusha mkono. Shangazi alijifanya anatafuta kitu mkobani.

Tangu hapo siku ikawa nyepesi. Baba alitembea kando yetu, mikono nyuma, hakugusa ukuta wowote. Tulipanda tramu, tukafika ngomeni juu ya mji kwa wakati, nikala vikeki vitatu. Huko juu Inesi alimsogelea akamwuliza kama nguzo ya Malindi bado imesimama. "Ipo," Baba akajibu, basi. Nami, nakiri kwenu, nilifurahi kwamba hatimaye amenyamaza.

Miaka minne baadaye nilikuwa nimekaa pale nguzoni nikimsubiri amalize kazi, twende mjini kununua viatu vya shule. Mgeni mmoja alimkatiza katikati ya maelezo, akainua simu yake, akaanza kumsomea Baba habari za nguzo ya Mreno. Ilikuwa nguzo nyingine, ya pwani nyingine kabisa. Hata mimi nililijua hilo. Baba alimsikiliza hadi mwisho.

"Huenda, bwana. Asante kwa kunijuza."

Mgeni alipoondoka nilifoka. "Mbona hukumwambia amekosea?"

"Amekuja kufurahi, mwanangu. Nikibishana nao, kesho nitamtembeza nani?"

Alisema bila uchungu, akikunja karatasi zake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Lisbon hakuwa kazini. Ilikuwa siku moja tu katika maisha yake ambapo yeye ndiye aliyekuwa mgeni, mwenye haki ya kuinua mkono na kusema sivyo. Na aliyeushusha mkono ule nilikuwa mimi, niliyeyajua maneno yake yote kwa moyo.

Tulipokuwa tukienda mjini nilimwuliza, "Yule rubani, Baba. Ulitaka kumwambia Inesi nini?"

Akasimama katikati ya njia, watu wakitupita huku na huku, akanitazama kuhakikisha kwamba simfanyii mzaha. Kisha akaanza. Alianzia mbali mno, kwa babu zake Sultani, na kila alipomtaja mtu alisimama kwanza aeleze ukoo wake. Duka la viatu lilifungwa tukiwa bado njiani. Sitawadanganya, nilichoka. Lakini sikumkatiza.