Latifa na akiba za Papa Baguma

Saa moja asubuhi, Gitega, Burundi. Latifa Amissi anapangusa kompyuta zake kuukuu, kisha anabandika birika juu ya mbabula, jiko lake la makaa. Kabla hajamimina chai, mwanamke anaingia karakanani amebeba kompyuta iliyofungwa kwa kitenge.

"Eh, Latifa! Mashine yako inalala kupita mlinzi wetu!" anasema Zaituni, muuguzi wa zahanati moja ya Muyinga.

Kompyuta hiyo ya kuandikia chanjo za watoto imekwama tena. Vita havijaisha, na barabara haifunguki kila siku. Msafara wa magari unarudi Muyinga mchana huu, na Zaituni lazima arudi nao.

Latifa, 29, hutengeneza kiini cha kompyuta, ile programu ya ndani kabisa inayozigawia programu nyingine kumbukumbu ya mashine. Kiini anachotumia ni cha bure, na yeyote anaruhusiwa kukibadilisha. Sehemu ya kumbukumbu iliandikwa na mwalimu wake, Baguma, mkimbizi kutoka Uvira, ambaye sasa anafanya naye kazi karakanani.

Baguma aliipa kila programu akiba yake, isiyoguswa na nyingine. Kazi ikizidi, moja hukwama kwa kukosa nafasi huku nyingine zimekalia nafasi tupu.

Kwa miezi mingi Latifa ameongeza viraka tu. "Kufuta kazi yake ni kama kumbomolea mtu nyumba akiwa ndani," anasema taratibu.

Hata hivyo, ameisoma mstari kwa mstari, kwa uvumilivu ambao mafundi wengi hawana, akaandika nyingine fupi. Akiba ni moja. Kila programu inachukua, ikimaliza inarudisha. Ameijaribu kimyakimya, na haijakwama. Anatamani ifike kwenye mashine za zahanati zote, hadi za Mwakiro, mkoani Muyinga.

Leo anajikaza na kumgeukia mwalimu wake, aliyeketi kwenye meza ya pili. "Papa Baguma, tuweke hii fupi."

"Bado, binti. Tuipime kwanza."

"Nimeshaipima."

"Iko mistari mi sielewi."

"Papa, we ndo ulinifundisha kuiandika!"

Zaituni anacheka. Baguma hacheki.

"Si mistari," anasema. "Kule Uvira tuliweka unga wote pahali pamoja. Watu wa bunduki wakakuja, wakabeba wote. Mi naogopa, binti. Naogopa kitu chote kukaa pahali pamoja."

Anamsogezea Latifa kibodi.

"Toa akiba zangu."